Sato kwenye sinia, simu kwenye kabati

Kuna mgahawa wa ziwani hapa Mwanza: samaki wao ni wazuri, bei iko juu kidogo, na simu unaiacha mlangoni. Tangu nitamke hilo la tatu kwenye kikao cha kikoba chetu, hakuna aliyeniuliza habari ya samaki tena. Basi naanza na simu, ila samaki nao wana zamu yao humu, tena ndefu.

Jina la mahali silitaji, kwa sababu nina malalamiko ya kusema na sitaki yatangulie mbele ya sifa. Wakazi wa Ilemela watapajua tu. Ni upande wa ziwani, unaacha barabara ya kwenda uwanja wa ndege, unashuka kinjia chenye mawe makubwa huku na huku mpaka unaanza kumlaumu dereva, mara maji haya hapa.

Getini, kabla hujaona hata meza, kuna kabati la mbao lenye vijumba vingi, kila kimoja na kilango cha ukubwa wa daftari na kufuli dogo. Simu unaiweka mwenyewe na unafunga mwenyewe, mhudumu haigusi. Wamefikiri vizuri, maana siku hizi simu ndiyo pochi, ndiyo benki, na kwa wengine ndiyo siri zote za nyumba. Ufunguo umefungwa kwenye boya la nyavu, yale yanayozagaa Mwaloni Kirumba, na namba imeandikwa juu yake kwa rangi ya kucha, nyekundu. Nilimuuliza dada wa kaunta kwa nini boya. Akanijibu bila kutabasamu kwamba kuna mteja aliwahi kudondosha ufunguo ziwani, kufuli ikabidi livunjwe. Boya linaelea. Tena haliingii mfukoni, kwa hiyo muda wote linakaa mezani mbele yako, pale pale ambapo simu ingekaa. Kijana wangu wa kidato cha pili alilizungusha, akalipindua, akalisukuma kwa dada yake, likarudi, akalizungusha tena. Vidole vilikuwa vinatafuta kazi.

Hulazimishwi. Asiyetaka kuachana na simu anaelekezwa meza za upande wa maegesho, orodha ya vyakula ile ile, bei ile ile. Ila upepo wa ziwa, miembe na yale mawe ya kuegemea wamewapa walioweka simu kabatini, na ni hao tu wanaoletewa supu ya bure. Upande wa pili unakula ukitazama magurudumu ya magari ya watu. Sijui aliyepanga hivyo ni nani, lakini anawajua watu.

Tulikuwa sita: mimi, baba watoto, watoto wawili, wifi yangu, na mama mkwe aliyekuja kutoka Magu kwa ajili ya kliniki ya macho. Mama mkwe ana kiswaswadu alichokifunga mpira wa noti, kwa kuwa mfuniko wa betri ulishapotea zamani. Kijana wa getini alimwinamia kwa adabu. "Mwadila mayu." Akaitikiwa. "Mayu, simu tunaziweka hapa." Mama akakikumbatia kitu chake. "Hii siyo simu, mwanangu. Hii ni redio." Kijana akasita, akaenda kumuuliza mkubwa wake, akarudi na jibu kwamba redio inaruhusiwa, mradi iwe imezimwa. Mama akamtazama. "Sasa redio iliyozimwa nitaisikilizaje?" Akaisukumiza kwenye kijumba yeye mwenyewe na kudai ufunguo wake peke yake, hataki kuchangia na mtu.

Kwa wenye watoto wadogo nyumbani au wagonjwa, kuna kitu nilikipenda kuliko vyote. Kaunta wana simu yao ya kitochi, namba imeandikwa kwa chaki kwenye ubao karibu na kabati. Kabla hujafunga kufuli unawatumia watu wako ile namba, unawaambia utakaa meza ipi, na likitokea jambo wanapiga kaunta. Mimi nilimtumia dada wa kazi. Tukiwa katikati ya supu akaja mhudumu, akainama sikioni pangu, lakini sauti ikamponyoka: "Mama, nyumbani wanasema gesi imeisha." Meza ya jirani wote wakageuka. Mzee mmoja akanipa pole. Kwa hiyo mfumo unafanya kazi, ila waambieni watu wenu ni jambo gani linastahili kupigiwa kaunta na lipi lisubiri.

Sasa kuhusu kusubiri. Sato wa pale anakaangwa ukishaagiza, siyo yule aliyekaangwa saa nne asubuhi akarudishwa kwenye mafuta ukiingia. Hiyo maana yake ni nusu saa na ushee, na siku ya watu wengi inakaribia saa nzima. Ukitaka kujua kwa nini watu wa Mwanza tunakaa mgahawani tumeinamisha shingo, usianze na malezi, anza na jikoni. Umeagiza, soda imekuja, maneno ya kwanza yameisha, samaki bado hata hajaparwa magamba. Mtu afanye nini? Anatoa simu. Akishaitoa hairudi mfukoni hata sahani ikija, atakula kwa mkono mmoja akiperuzi kwa mwingine. Migahawa mingine iliyobandika karatasi ya "tafadhali weka simu pembeni" imesahau hapo. Inakunyang'anya simu halafu inakuacha na kitambaa cha meza.

Hawa wamejaza ule muda. Baada ya dakika chache inakuja supu ya vichwa vya samaki, nyepesi, ina ndimu na pilipili mbuzi ambayo haijapasuliwa, na sahani ya michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga. Jagi na beseni vinatangulia, kwa hiyo mnanawa mapema. Kichwa cha samaki hakiliwi kwa kijiko. Ukishaanza kufyonza mifupa ya shavu, mikono imeshashikwa na shughuli, hata kama simu ingekuwepo usingeigusa.

Hapo ndipo maneno yakaanza, tena yalianzia kwa watoto. Giza lilikuwa limeingia na kule majini taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zinawaka moja baada ya nyingine. Binti akauliza kwa nini safari iliyopita tulipokuja ziwani usiku hakukuwa na hata taa moja. Mama mkwe akamwambia siku zile mwezi ulikuwa mkubwa. Dagaa wanafuata taa, na mbalamwezi ikimwagika juu ya maji yote taa ya mvuvi haina kazi, ndiyo maana wavuvi wanakaa nchi kavu wanashona nyavu na kunywa. Kijana akasema dagaa basi ni wajinga. Bibi akamuuliza, "Na wewe unayefuata mwanga wa simu usiku kucha?" Tukacheka mpaka mhudumu akaja kuangalia kama tunahitaji kitu.

Ukafuata ubishi wa Daraja la Magufuli. Kijana anasema Kigongo hadi Busisi ni kilomita tatu, baba yake anasema haiwezekani, yeye amelivuka, ni zaidi. Wifi akaingia kati na habari za foleni ya kivuko, watu walivyokuwa wanalala Kigongo na ndizi zinaivia kwenye gari, na tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 unavuka kabla hujamaliza kusimulia. Kawaida ubishi wa aina hiyo nyumbani kwetu unakufa ndani ya sekunde kumi: mtu anaingia Google, anasoma namba kwa sauti ya ushindi, kila mtu anarudi kwenye simu yake. Safari hii hakukuwa na hakimu. Baba watoto alijaribu kukokotoa kwa mwendo wa gari na dakika, kijana akachora nguzo kwa maji ya soda juu ya meza, na bibi akatamka kwamba kwa vyovyote vile ni refu kuliko pantoni. Kijana alikuwa karibu na ukweli kuliko baba yake, ila hilo lilikuja kujulikana kesho yake na halikumfurahisha mtu.

Kutoka pantoni tukafika kwenye meli, na kwenye meli mama mkwe akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo sijawahi kulisikia tangu niolewe. Tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama, yeye alikuwa bandarini Mwanza tangu alfajiri. Alikuwa anafanya biashara ya ndizi, mzigo wake ulipakiwa Kemondo, na alikuwa amekodi mkokoteni kabisa wa kuupeleka sokoni. Walisubiri. Meli haikuonekana. Watu wakaanza kusema imeharibika, wengine wakasema imeonekana, imelala ubavu. Mwenye mkokoteni alikataa kulipwa. Mama alisema amesahau sura za wengi aliokuwa nao siku ile, lakini yule mwenye mkokoteni anamkumbuka hadi viatu. Sisi tunakaa Kishiri, kila siku daladala inapita Igoma, yalipo makaburi ya watu wa meli ile, na wanangu walikuwa wanajua ni makaburi ya "wale wa shuleni", yaani wa kwenye somo la historia. Baba watoto ni mtoto wake wa kumzaa, naye alikuwa anaisikia habari ya ndizi kwa mara ya kwanza. Sikuweza kumeza supu kwa muda.

Halafu samaki wakaja, na ikawa vizuri walivyokuja.

Sato anakuja mzima kwenye sinia la bati, amechanjwa mistari mitatu kila ubavu, chumvi na ndimu na kitunguu saumu vimeingia hadi kwenye mfupa. Ngozi imekauka inavunjika kwa ukucha, ndani bado ana maji maji. Mapezi unayatafuna kama bisi. Ugali unachagua dona au udaga. Chukua udaga, kwa sababu ni nadra mgahawani, na wa kwao hauna ile harufu kali ya muhogo uliozidi kuvunda. Nsansa, ile mboga ya majani yaliyokaushwa, imepikwa na karanga, nzito, yenye uchungu kidogo mwishoni kama inavyotakiwa. Mama mkwe aliionja akiwa na uso wa mkaguzi, akasema aliyeipika ni mtu wa kwao au ameolewa kwao. Kichwa cha samaki mkubwa tulimpa yeye, ndivyo tunavyofanya kwetu.

Anza mgongoni. Unapitisha kidole gumba juu ya uti, nyama inaachia kwa kipande kizima, na miiba ile midogo ya tumboni unaiacha kwa watu wazima. Binti yangu nilikuwa namchambulia samaki kila siku kwa sababu nyumbani anakula akitazama katuni, na mwiba hauna urafiki na mtu anayetazama katuni. Pale alichambua mwenyewe, polepole, akapanga miiba ukingoni mwa sinia kwa ukubwa wake. Kufikia katikati ya mlo mafuta yalikuwa yametufika viwikoni. Unajua kwamba kioo cha simu na kidole chenye mafuta ya sato haviongei.

Kachumbari ilikuwa na nyanya nyingi kuliko vitunguu, na ugali wa pili ulikuja umepoa. Tuliusema, wakaleta mwingine bila kununa.

Baba watoto anasema mambo ya kabati ni ujanja wa biashara tu: watu wasio na simu wanaagiza zaidi. Sibishani naye. Siyo uvumbuzi wa Ilemela pia. Marekani, mwaka 2016, matawi mengi ya Chick-fil-A yaliweka kiboksi mezani, familia ikitumbukiza simu zote na kuvumilia hadi mwisho inapewa aiskrimu bure. Kule Verona, Italia, mgahawa uliofunguliwa 2024 ulikuwa unatoa chupa ya divai kwa meza inayosalimisha simu. Kote huko wamegundua kwamba mtu haachii simu hivi hivi, lazima alipwe, na mimi kati ya divai na supu ya vichwa nachagua supu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, nao walitoa utafiti 2018: walichukua watu zaidi ya 300, wakawapeleka kula mgahawani na ndugu au marafiki, baadhi wakaambiwa simu zikae mezani kwa sababu kuna swali litatumwa kwa ujumbe, wengine wakaziweka kwenye chombo pembeni. Waliokuwa nazo mezani hawakufurahia mlo sana kama wenzao. Tofauti yenyewe haikuwa kubwa, na siwalaumu, hawakupewa sato mzima.

Lakini nimtetee wifi yangu, maana yeye hakufurahia kama sisi. Wifi anauza mikoba ya mtumba kwa stetasi za WhatsApp. Hana duka wala kibanda, duka lake ndilo lile lililofungiwa kwenye kijumba. Tulienda tarehe za mwisho wa mwezi, mishahara imeingia, wateja wanataka kujibiwa sasa hivi, ukichelewa wanahamia kwa mwingine. Aliinuka kwenda kabatini zaidi ya mara moja, akasimama upande wa maegesho akijibu, na kila akirudi habari ilikuwa imeshapita. Ile ya ndizi aliikuta katikati, ikabidi tumsimulie tukiwa njiani. Mtu akimwambia wifi kwamba simu ni ulevi atamjibu vibaya, na atakuwa na haki. Kwa watu wa biashara kama yake, au manesi walioko zamu ya kuitwa, mahali hapa ni pa katikati ya mwezi au wasipakanyage kabisa.

Malalamiko yangu makubwa ni malipo. Bili yetu ilikuwa 96,000: sato wakubwa wawili kwa 25,000 kila mmoja, wa kati 18,000, ugali wa watu sita 12,000, sahani mbili za nsansa 6,000, na vinywaji 10,000. Kwa ubora ule sina neno. Tatizo ni kwamba wanapokea lipa namba au pesa taslimu basi, kadi hakuna. Sasa fikiria: karibu kila mteja analipa kwa simu, na simu iko kabatini getini, na kaunta iko upande wa pili. Saa tatu usiku watu wote wanainuka pamoja. Kabatini kuna foleni ya watu wenye maboya mkononi, wakishapata simu wanasimama pale pale kusoma jumbe za saa mbili, wanaziba njia, nyuma wanapiga kelele, na kaunta dada anaita "meza ya mwembe mkubwa bado hamjalipa". Mtandao nao ukichagua saa hiyo kusuasua, kama ulivyochagua kwetu, unakaa dakika ishirini ukitazama duara linazunguka. Utulivu wote wa jioni unaishia pale. Nilimwambia meneja walete bili mezani mapema na waweke mtu mmoja wa kufungua vijumba kwa mafungu. Akasema watalifanyia kazi. Tutaona.

La pili ni kuchaji. Kabati lina mbao nzuri na kufuli nzuri lakini hakuna hata soketi moja. Simu inakaa humo saa mbili imelala tu. Wangevuta waya, hata wale wabishi wa upande wa maegesho wangehamia upande wetu kwa hiari, kwa jinsi umeme unavyotusumbua huku Kishiri.

Madogo: mbu wapo, na wadudu wa ziwani wanafuata taa za miembe, omba meza isiyo chini ya taa. Viti vya plastiki vyenye mikono havimfai mtu mzito, wazee waombeeni benchi. Choo ni safi na maji yapo. Picha ya chakula huwezi kupiga, isipokuwa yule dada wa kaunta ana kamera ndogo ya zamani, anapiga picha moja kwa kila meza na kukutumia kesho yake. Yetu imetoka imetikisika, mama mkwe amefumba macho, kijana ana boya mdomoni.

Ukitaka kwenda, nenda siku ya kazi, saa kumi na mbili jioni. Jumapili mchana usijaribu, ni kipaimara na sendofu tupu, na vijumba vya kabati vinajaa, wanaanza kuweka simu za watu kwenye ndoo yenye mfuniko. Piga namba ya kaunta kabla hujatoka nyumbani uagize samaki, itakuokolea nusu saa. Na beba noti.